Maswali yenu: Ubalozi ukifungwa ghafla, mitambo huachiwa nani?

Kwa nini wasipakie vifaa vyao wakaondoka navyo? (Tanga)

Wakipata muda, hupakia. Risasi zikishaanza kurindima, nafasi ni ya watu tu. Khartoum, Sudan, mapigano yalizuka Aprili 15, 2023, na usiku wa kuamkia tarehe 23 wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani wakaondolewa kwa helikopta tatu za Chinook. Hapo siri zilizo ndani ya kifaa hulindwa kwa kukiharibu, na afadhali kazi hiyo ianze mapema. Kyiv, Februari 2022, kabla Urusi haijavamia, Marekani ilikuwa imeshaharibu kompyuta za ubalozi wake na kung'oa mfumo wa simu.

Nyundo inatosha kweli? (Kisumu)

Kwa silaha, ndiyo. Ubalozi wa Marekani ulipofungwa Sana'a, Yemen, Februari 2015, wanajeshi wa Marine walioulinda walifika uwanja wa ndege wakiwa na bunduki zao. Walichomoa komeo ya kila bunduki (kipande cha ndani kinachofungia risasi) wakaiponda kwa nyundo nzito, kisha wakaponda na bunduki yenyewe.

Karatasi ndizo ngumu. Tehran, Novemba 4, 1979, wanafunzi walipouvamia ubalozi wa Marekani, wafanyakazi walizipitisha nyaraka kwenye mashine ya kuchanachana. Mashine ile ilitoa vipande virefu vyembamba. Wairani wakakaa navyo wakiviunganisha kimoja kimoja mpaka maandishi yakasomeka, kisha wakavichapisha vitabu kwa vitabu. Ndiyo maana mashine za siku hizi za nyaraka za siri hukata urefu na upana, karatasi ikatoka chenga.

Sheria haiwalindi? (Zanzibar)

Inawalinda. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi kati ya nchi, ibara ya 45, unaitaka nchi mwenyeji ilinde jengo, mali na nyaraka hata kukiwa na vita, na unaruhusu nchi ya tatu kukabidhiwa dhamana hiyo. Uswisi inasimamia maslahi ya Marekani nchini Iran tangu 1980. Lakini kundi lenye hasira getini halisomi ibara.

Na pasipoti niliyoiacha nikisubiri viza? (Mombasa)

Hili linaniuma kuliko yote. Khartoum, ubalozi wa Marekani uliharibu pasipoti za Wasudani waliokuwa wameomba viza, kwa hoja kwamba zisiangukie mikononi mwa wabaya. Baadhi ya balozi nyingine za Magharibi ziliziacha zimefungiwa ndani, wenyewe wasiweze kuzifikia. Matokeo ni yaleyale: mtu anakimbia mabomu, anafika mpakani hana hati.

Sikubali kwamba pasipoti ya mwombaji iingie kapu moja na mitambo ya siri. Ni mali ya mwenyewe na nchi yake, na dalili za vurugu zikionekana ndiyo ingepaswa kutoka kwanza, kabla ya seva yoyote.

Kwako wewe: uliza kama unaweza kubaki na pasipoti wakati ombi linashughulikiwa, maana baadhi ya balozi huruhusu. Wakikataa, piga picha ya ukurasa wenye taarifa zako umtumie ndugu aliye nje ya nchi, na utunze risiti. Hali ikianza kuchafuka, nenda ukaidai siku hiyohiyo, hata kama viza haijatoka.