Mlinzi wa ndugu au mdhamini wa ndugu?

Swali: Msomaji anayefasiri masomo ya dini ya Kiyahudi kwa ajili ya darasa la chuo ameniletea maneno matatu yanayomtatiza: "Je, mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?", "Wayahudi wote wanawajibika kwa kila mmoja" na "nguvu kupitia unyenyekevu". Anauliza kama hicho ni Kiswahili fasaha, na kama kinabeba maana iliyomo katika Kiebrania.

Jibu: Ndugu msomaji, la kwanza liache kama lilivyo, la pili liandike upya, na la tatu lina kasoro katika neno moja tu, ambalo si "unyenyekevu".

"Mlinzi" katika jibu la Kaini, alipoulizwa na Mungu alipo Abeli nduguye, limekwisha kuzoeleka kwa wasomaji wa Biblia ya Kiswahili, na kulibadilisha sasa ni kuwapotezea watu neno wanalolijua kwa moyo. Hata hivyo, mlinzi wa leo ni yule akaaye langoni usiku na rungu, ilhali neno la Kiebrania, shomer, linatokana na kitenzi chenye maana za kulinda, kutunza, kuhifadhi na hata kushika amri. Kitenzi hichohicho kimetumika sura mbili kabla, mwanadamu alipowekwa katika bustani ya Edeni "ailime na kuitunza". Kaini alikuwa mkulima, na Kiebrania kinaeleza kazi yake kwa kitenzi kilekile cha "ailime"; kwa hiyo anayesoma kwa lugha ya asili anamwona mtu aliyeshika nusu ya kwanza ya agizo, kisha akaikana nusu ya pili mbele ya aliyemwagiza. Kiswahili kimeupoteza mwangwi huo kwa kuwa kimetumia "tunza" mahali pamoja na "linda" mahali pengine. Tena shomer ni neno la sheria: Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inataja watunzaji wa aina nne, yaani anayetunza mali ya mtu bila malipo, anayeazima, anayetunza kwa ujira na anayekodi, na kila mmoja ana kiwango chake cha kudaiwa kitu kikipotea. Katika maelezo yako, basi, mwite "mtunzaji", au hata "aliyewekewa amana".

Sentensi ya pili ndiyo yenye makosa mengi. "Kuwajibika kwa fulani" kwa Kiswahili ni kuwa chini yake na kumtolea hesabu, kama serikali inavyowajibika kwa bunge; na nchini Tanzania, wabunge wanapomtaka waziri "awajibike", waziri anaelewa kwamba anatakiwa kujiuzulu, jambo ambalo halina uhusiano wowote na fundisho hili. Pia "kwa kila mmoja" inaacha swali la kila mmoja wa nani, hali lugha yetu ina kiambishi -ana kilichoundwa kwa ajili ya mambo ya namna hiyo.

Asili ya usemi huu imo katika Talmudi ya Babeli, yaani mijadala ya marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi) juu ya Mishna, kwenye vitabu vyake vya Shevuot na Sanhedrin: kol Yisrael arevim zeh bazeh. Marabi waliuchota katika Mambo ya Walawi 26:37, penye habari za watu wanaokimbia na kujikwaa "mtu kwa ndugu yake", wakasoma kwamba mtu hujikwaa kwa kosa la ndugu yake. Kisha wakafafanua kuwa wanaohusika ni wale waliokuwa na uwezo wa kukemea wasikemee. Arev ni mdhamini wa deni. Ukoo wa neno hilo umetufikia hata sisi, kwani Kiebrania eravon, yaani rehani, ni ndugu wa "arubuni" yetu, kile kishika bei anachotanguliza mnunuzi, ambayo katika Agano Jipya la Kiswahili imeandikwa "arabuni". Kwa hiyo fasiri: "Wana wa Israeli wote wanadhaminiana." Nimesema "wana wa Israeli" kwa sababu "Waisraeli" siku hizi humpeleka msomaji kwa raia wa dola. Jihadhari pia na "mdhamini" wa magazeti ya michezo, anayetoa jezi na fedha ili jina lake lionekane; huyu wetu ni yule anayetia saini chini ya mkopo wa mwenzake.

Taswira hiyo ya deni ina matokeo katika sheria. Myahudi aliyekwisha kutimiza amri fulani anaweza kuisomea tena baraka yake kwa niaba ya mwenziwe ambaye bado, na Rashi, mfafanuzi wa Talmudi wa karne ya 11, anaeleza kuwa sababu ni dhamana hii. Mwenzangu akiwa bado anadaiwa, nami sijatoka katika deni.

Kuhusu la tatu, kasoro ni "kupitia". Watu hupitia njia, mlango au daftari la hesabu. Nguvu haipitii unyenyekevu, bali hutoka humo. Sema "nguvu itokanayo na unyenyekevu", au tumia kitenzi: "unyenyekevu humtia mtu nguvu". "Unyenyekevu" lenyewe linafaa kwa neno la Kiebrania anavah kuliko "upole", ambalo tafsiri yetu imempa Musa katika Hesabu 12:3, maana aliyezivunja mbao za sheria kwa hasira ni vigumu kumwita mpole tu. "Unyonge" na "udhalili" yaepuke kabisa. Rabi Yohanan, mmoja wa marabi wa Talmudi, alisema kwamba popote uonapo uwezo wa Mungu, hapohapo utauona unyenyekevu wake, na hakuna anayeweza kuweka "unyonge" katika sentensi hiyo.

Kuna mahali ambapo maneno yako mawili, la udhamini na la unyenyekevu, yanakutana, nami ningelipenda ulitie katika somo lako. Yuda, mwana wa Yakobo, alimwahidi baba yake kwamba atakuwa mdhamini wa Benyamini, mdogo wake, na huko Misri akaomba abaki yeye mtumwa badala ya kijana. Katika Tosefta, mkusanyo mwingine wa mafundisho ulio sambamba na Mishna, Rabi Tarfon anawauliza wanafunzi wake kwa nini Yuda alistahili ufalme. Wanajibu, pamoja na mambo mengine, kwamba ni kwa unyenyekevu wake, kwa kuwa alijitoa kuwa mtumwa. Rabi anawakatalia: je, hakuwa mdhamini, na mwisho wa mdhamini si kulipa? Ukiandika hapo kwamba Yuda "aliwajibika kwa ndugu yake", jibu la Rabi halitaeleweka.