Barua kwa mwanangu: kabla ya gramu, tazama nani anapakua

Kamwene mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na mdogo wako amenikuzia ile picha ya jedwali la lishe kwenye simu nikaisoma yote. Umeuliza nyama iingie mara ngapi kwa wiki ili makundi sita ya chakula yatimie bila kuvunja bajeti, na kama ratiba uliyobandika jikoni imekaa sawa.

Imekaa sawa. Dona na maharage, wali na choroko, dagaa siku mbili, mboga za majani kila siku, machungwa na parachichi za watoto. Unataka nini tena? Sisi tulifundishwa makundi matano, kunde na nyama vikiwa kapu moja. Ninyi mmevitenganisha na mmefanya vizuri, maana enzi zetu mtu akishapata nyama siku ya sikukuu alijiona kundi lile amelimaliza, maharage akayaita chakula cha shida.

Nyama mara mbili kwa wiki inatosha. Protini isikunyime usingizi. Mtu mzima anahitaji gramu 0.83 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mumeo mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 58. Robo kilo ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 50, na ugali nao una yake. Tena vinasaidiana: mahindi yamepungukiwa lisini, kijenzi kimojawapo cha protini, maharage yanayo tele, na kile kilichopungua kwenye maharage kinapatikana kwenye mahindi. Bibi yako hakuwahi kuona jedwali, lakini hilo alilipika maisha yake yote.

Nilipofika kwenye mstari wa madini ya chuma, yale ya kuongeza damu, ndipo nilipokwama. Nilimwambia mdogo wako arudie kukuza. Mwanamume mzima, miligramu 13.7 kwa siku. Mwanamke anayeona siku zake, 29.4. Msichana wa miaka 15 hadi 17, 31. Hiyo ni hesabu ya FAO na WHO, mashirika ya dunia ya chakula na ya afya, kwa mlo ambao mwili unafyonza asilimia 10 ya madini yake. Mlo wa nafaka na kunde tupu ukifyonzwa nusu ya hapo, mahitaji yanakuwa mara mbili. Yaani mwanamke anahitaji zaidi ya maradufu ya mumewe, na binti anawazidi wote.

Sasa niambie, kwenu nani anapata finyango na nani anapata mchuzi? Maana uliandika, kama jambo la kupita tu, kwamba mama mkwe wako ndiye anayepakua, na kwamba mjukuu wangu wa Kidato cha Pili anakula wa mwisho kwa sababu anachelewa kutoka shule. Wewe umeniuliza habari za soko. Mimi nakujibu habari za upawa, kwa sababu nimeamini tangu zamani na sijabadilika: mlo unapangwa kwenye kupakua.

Unaujua ule mwaka nilipokuwa na mimba yako, tulipokuwa bado tunakaa nyumba za mashamba ya chai. Ilikuwa miaka ya mradi wa lishe wa Iringa, ule wa serikali na UNICEF na WHO, watoto chini ya miaka mitano wakipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu. Kaka yako alikuwa vizuri kwenye kadi. Mimi kliniki waliniambia damu imeshuka. Baba yako aliposikia hakusema neno. Jumamosi alitoka mnadani na nusu kilo ya maini, yamefungwa kwenye jani la mgomba, akayaweka mezani mwenyewe akasema, "Haya ni yako, mama fulani, ya damu." Alikuwa amenunua kwa pesa ya soli ya kiatu; nilikiona kiatu chenyewe, kinatoa kidole.

Niliyakaanga kwa kitunguu na nyanya. Kabla hayajaiva wakaingia wajomba zako wawili, wametoka mbali, mavumbi mpaka nyusi. Unajua mila. Sinia ya wanaume ikaenda sebuleni kwanza, na kwenye sinia huwezi kuweka maharage wakati nyumba nzima inanukia maini. Nilipakua kwa mkono wangu huu. Sinia iliporudi ilikuwa na mafuta yaliyoganda pembeni na kipande kimoja cha kitunguu. Nilimega ugali wangu nikachovya pale.

Usiku baba yako akaniuliza, "Maini umekula?" Nikasema nimekula. Akalala kwa amani.

Mpaka leo hilo linanichoma, na bado sijajua lawama niiweke wapi. Kwa baba yako? Aliuza starehe ya mguu wake kwa ajili yangu. Alikula pamoja na wageni kwa sababu sinia ililetwa mbele yake, na mwanamume wa wakati ule hakujua sufuriani kumebaki nini; hakuna aliyemfundisha kuuliza. Kwa wajomba? Wageni hawana kosa. Wakati mwingine nasema mila ndiyo yenye kosa, halafu nakumbuka mila hiyohiyo ndiyo iliyowafanya majirani waniletee uji nilipojifungua. Kwa hiyo nabaki na jambo moja tu lililo wazi: nyumba ile siku ile ilikuwa na chakula bora. Kundi la nyama lilikuwepo, mboga ilikuwepo, dona lilikuwepo. Ungekuja na jedwali lako ungeweka alama ya vema kila mahali. Na aliyeambiwa damu imeshuka alichovya mafuta.

Aliyeigeuza nyumba ile ni shangazi yako. Alikuja kunisaidia kulima bustani, akakaa mpaka nilipojifungua. Siku ya kwanza kupikwa kuku alichukua upawa kabla yangu. Akatoa sahani ya bati, ile yenye maua mekundu uliyokuja kuchezea baadaye, akaweka paja na firigisi. Firigisi, mwanangu! Akaipeleka mpaka nilipokaa, akapita nayo katikati ya wanaume, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ya mwenye mimba kwanza." Kisha akarudi kupakua ya wengine. Hakuna aliyekohoa. Babu yako alinawa mikono akala kilicholetwa. Niliitafuna firigisi ile polepole mpaka ikaisha ladha, na nilicheka peke yangu jikoni.

Kwa hiyo ukitaka ushauri wa ratiba, ongeza safu moja: pembeni ya kila siku andika nani anapakuliwa kwanza. Binti awekewe sahani yake mapema, ifunikwe, finyango ikiwemo, asisubiri kilichobaki. Siku za maharage na mchicha kamulieni limau au mle na chungwa, kwa sababu vitamini C inausaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma ya mimea. Na chai, mwanangu. Sisi ni watu wa Mufindi, chai ndiyo imetulea na kutusomesha, siwezi kuisema vibaya. Lakini mkinywa pamoja na chakula inayazuia madini hayo yasiingie mwilini. Ngojeni saa moja hivi baada ya kula, ndipo mnywe. Dagaa watafunwe na mifupa yao, madini ya kalisi yamo humo.

Kuhusu mama mkwe wako, umeniuliza kwa kuzunguka kama umwambie au unyamaze. Jibu ninalo, na ulimi unaniwasha. Lakini yule ni mama wa mumeo, amelea wanawe kwa upawa uleule, na huenda yeye mwenyewe alichovya mafuta miaka mingi kuliko mimi. Siwezi kukuamulia nikiwa Mafinga. Ninachoweza kusema ni kwamba shangazi yako hakugombana na mtu. Na kwamba mumeo anapaswa kulisoma jedwali lile yeye mwenyewe, mstari ule wa chuma, kwa sababu mlo unapangwa kwenye kupakua na yeye yumo kwenye sinia. Basi, nimeshasema zaidi ya nilivyotaka.

Mpeleke mjukuu wangu kituo cha afya apimwe wingi wa damu, na wewe upimwe siku hiyohiyo. Usinijibu kwamba huna muda. Majibu nitumie yalivyoandikwa.

Jumamosi nampa kondakta debe la maharage ya njano na parachichi ambazo hazijaiva. Mtume mtu stendi ya Magufuli jioni, asichelewe, maana safari iliyopita mzigo ulikaa mpaka usiku.

Mama yako