Programu inakwenda, disaina inagoma

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninatengeneza programu ya mauzo ya dukani kwa WPF (teknolojia ya Microsoft ya kuunda skrini za programu za Windows), ndani ya Visual Studio. Nina miradi miwili: Duka, ambao ndio programu yenyewe, na Duka.Vidhibiti, maktaba ya vipande vya skrini. Staili za vitufe ziko kwenye Staili/Vitufe.xaml humo kwenye maktaba, nami nimeziunganisha katika App.xaml ya Duka, faili la rasilimali za programu nzima. Nikiendesha programu, kila kitu kinapendeza. Nikifungua kipande cha maktaba kwenye disaina (sehemu ya Visual Studio inayoonyesha skrini kabla ya kuendesha programu), naambiwa rasilimali "KitufeKikuu" haikupatikana, na vitufe vinarudi kijivu. Nimegeuza StaticResource zote kuwa DynamicResource. Kosa limetoweka, kijivu kimebaki. Nifanyeje?

JIBU: Salama, karibu. Kwanza zirudishe StaticResource zako, yaani marejeo yanayotafuta rasilimali mara moja kipande kinapopakiwa na kutoa kosa isipopatikana. DynamicResource isipoipata rasilimali hukaa kimya na kukiacha kitufe na sura yake ya kawaida, kwa hiyo siku utakayokosea herufi ya jina utaambiwa na mteja. DynamicResource iachie mandhari yanayobadilika programu ikiwa wazi.

Sasa chanzo. WPF hutafuta rasilimali kuanzia kwenye elementi yenyewe, hupanda kwa wazazi wake hadi dirisha, kisha huenda App.xaml, na mwisho mandhari ya mfumo. Programu inapoendeshwa, kipande chako kimo ndani ya Duka, hivyo kinaazima staili kutoka App.xaml ya Duka. Disaina inakifungua ndani ya mradi wa maktaba, na maktaba haina App.xaml. Disaina ina haki ya kulalamika: kipande kinategemea faili ambalo hakijalitaja popote.

Basi litaje. Juu ya kipande, ndani ya UserControl.Resources, weka:

<ResourceDictionary>
  <ResourceDictionary.MergedDictionaries>
    <ResourceDictionary Source="/Duka.Vidhibiti;component/Staili/Vitufe.xaml"/>
  </ResourceDictionary.MergedDictionaries>
</ResourceDictionary>

Hapo kabla ya ";component" ndipo wengi wanapoanguka. Panatakiwa jina la asembli (faili la .dll au .exe linalotokana na kujenga mradi), nalo si lazima lifanane na jina la mradi. Ukibadilisha jina la mradi baadaye, AssemblyName inaweza kubaki ile ya zamani. Itazame kwenye sifa za mradi. Hakikisha pia Build Action ya Vitufe.xaml (namna faili linavyoshughulikiwa mradi unapojengwa) ni Page.

Kama Vitufe.xaml inatumia rangi zilizo kwenye faili jingine, tuseme Rangi.xaml, iunganishe Rangi.xaml ndani ya Vitufe.xaml yenyewe. Kutegemea mpangilio wa App.xaml ndiko kulikokufikisha hapa.

Njia hii ina gharama: kila nakala ya kipande hupakia kamusi yake ya rasilimali. Kwa skrini chache hutaona tofauti. Kwa orodha yenye mamia ya safu, kila safu ikiwa UserControl, kumbukumbu italiwa. Wapo wanaoandika klasi inayorithi ResourceDictionary na kuhifadhi kamusi zilizokwisha pakiwa katika orodha tuli. Inafanya kazi, ila mara nyingi disaina ndiyo ya kwanza kuchanganyikiwa nayo, kwa hiyo sikushauri uanzie hapo.

Kwa kuwa maktaba yako inatumiwa na Duka tu, ningechagua DesignTimeResources.xaml. Faili hili hukaa kwenye folda ya Properties ya maktaba, linaunganisha Vitufe.xaml, na kwenye csproj (faili la mipangilio ya mradi) linaandikwa kama Page yenye ContainsDesignTimeResources ya true. Disaina hulisoma; programu ikiendeshwa, staili zinaendelea kutoka App.xaml, mara moja tu. Blend, programu ya Microsoft ya kusanifu skrini, inaweza kukutengenezea faili hilo: ukifungua kipande ambacho rasilimali zake hazionekani, itakuuliza utumie kamusi ipi. Lakini kama unakusudia kuwapa wengine maktaba hiyo, tumia njia ya kwanza, maana App.xaml yao huijui.

Ukishabadilisha, jenga upya maktaba kabla ya kuihukumu disaina, kwani huwa inaonyesha asembli iliyojengwa mwisho. Ikishikilia picha ya zamani, funga Visual Studio, futa bin na obj, kisha ufungue tena. Kwa miradi ya .NET Framework, futa pia folda ya ShadowCache iliyo chini ya Designer katika data za Visual Studio kwenye LocalAppData.