Mradi wa umeme wa jua la angani: paneli siyo pa kuanzia

Umeuliza kama mradi wako wa mwisho wa uhandisi ujikite kwenye paneli bora zaidi za kuvuna jua angani. Mimi ningekushauri paneli uziache. Jua la huko ni kali kweli, takriban wati 1,361 kwa kila mita ya mraba, na kwenye mzingo wa kilomita 35,786 kutoka ardhini giza ni la nadra. Kazi ngumu ni kuushusha huo umeme.

Chukua mfano wa kuushusha bila waya, kwa mwale wa mawimbi ya maikrowevu ya gigahezi 2.45. Mwale hutanuka kadiri unavyosafiri, na fizikia haibembelezwi. Antena ya kurushia yenye upana wa kilomita 1 itadai uwanja wa kupokelea wa kilomita kama 10 huku chini. Ukiipunguza antena ya juu, uwanja unazidi kupanuka. Ndiyo maana wazo hili la mhandisi Peter Glaser, la mwaka 1968, ni gumu kulijaribu kwa udogo, na nadhani hapo ndipo wawekezaji hukimbia.

Kurusha nguvu bila waya kwenyewe si ndoto: mwaka 1975, kule Goldstone, California, zaidi ya kilowati 30 zilipokelewa umbali wa kilomita 1.6 hivi. Basi wewe piga hesabu ya upotevu kwa kila hatua, kuanzia paneli hadi gridi. Halafu isome ripoti ya NASA ya 2024, iliyokadiria gharama kuwa mara 12 hadi 80 ya nishati jadidifu ya ardhini, na uangalie hasa walivyohesabu bei ya kurusha mizigo angani kwa roketi.