Kupekua maelfu ya mafaili bila kujaza memori

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini programu yako ya Python inakwama ikitafuta neno moja ndani ya maelfu ya mafaili ya maandishi. Tatizo liko kwenye readlines(): inapakia faili zima kwenye memori hata kama neno liko mstari wa kwanza. Lipitie faili kwa for, mstari mmoja mmoja, na ukishalipata neno toka kwa break.

Folda zipitie kwa os.walk, ambayo tangu Python 3.5 inatumia os.scandir kwa ndani na ina kasi kuliko zamani. Kwenye dirs, yaani orodha ya folda za ndani inayokupa, ondoa majina ya folda usizozihitaji, kama .git na node_modules (ruka ni orodha ya majina hayo):

dirs[:] = [d for d in dirs if d not in ruka]

Hizo alama [:] usizisahau, nakusihi. Bila hizo unaunda orodha mpya tu, na os.walk itaendelea kuingia kule kule ulikoikataza. Hapa ndipo wengi wanapoteza saa nzima.

Kwenye open() taja encoding="utf-8" na errors="replace", la sivyo faili moja lenye herufi mbovu litasimamisha kazi yote. Na kama unatafuta tu, huchakati chochote, tumia ripgrep, programu iliyo tayari ya kutafuta maneno ndani ya mafaili.