Kubadili rangi ya karata: niliyofunzwa na baraza

Wewe unayeanza, usifanye nilivyofanya mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilikusanya mitindo sita ya kubadili rangi, yaani kiinimacho cha kuifanya karata moja ionekane imegeuka nyingine, yote mibovu. Chagua mmoja.

Anza na ule wa kiganja. Karata zote zimesimama mkononi mwa kushoto, zinatazama watu. Tuseme mbele kuna saba ya kopa. Kiganja cha kulia kinaipitia mara moja: bado saba. Kinaipitia tena: ree ya shupaza. Kazi yote inafanyika katikati. Mkono wa kulia unaporudi, vidole vya kushoto vinaisukuma karata ya nyuma kabisa, nayo inatulia kiganjani, tayari kuachwa juu ya saba. (Mbinu za namna hii si ngeni. Zimo katika kitabu kilichochapishwa Marekani mwaka 1902 kwa jina la S. W. Erdnase, na mpaka leo watu wanabishana huyo Erdnase alikuwa nani hasa.)

Kuiba karata namna hiyo nilikuweza mapema. Kilichonitesa ni mkono ulioficha. Jioni moja Mji wa Kale, Mombasa, mzee mmoja aliweka kikombe chake cha kahawa chini, akaniuliza, "Mwanangu, hicho kidole gumba mbona kimesimama kama mlingoti?" Hakujua lolote la karata, lakini mkono uliokakamaa aliujua. Dawa yake ni kukaa na karata kiganjani nyumbani: fungua mlango, mimina chai, jikune kichwa. Ukishasahau kwamba ipo, ndipo uirudishe kwenye mchezo. Angalia pia mwanya kati ya vidole. Sisi tunauita dirisha, na weupe wa karata huchungulia hapo.

Kioo kitakudanganya. Wengi wetu hupepesa macho pale pale tunapoiba, kwa hiyo hatulioni kosa letu wenyewe. Jirekodi kwa simu.

Halafu kuna hali yetu ya pwani. Kaskazi inapovuma kwa joto, viganja vinalowa na karata za karatasi zinavimba na kushikana. Ukisukuma moja zinakuja tatu. Mimi huwa na leso mfukoni, na pakiti naifungia ndani ya mfuko wa plastiki. Karata za plastiki haziogopi maji, lakini huteleza mno, nami sizipendi kwa mtindo huu.

Ukitoka hadharani, usianzie karibu na feri Likoni kama mimi. Nilipotoa karata tu mtu akapiga kelele, "Pata potea hiyo!" na watu wakashika mifuko yao. Sasa natangulia kusema hakuna pesa hapa, wala hakuna jini, ni vidole tu. Wazee hutulia.

La mwisho ni pembe. Vitabuni hadhira iko mbele yako. Barazani watu wamekuzunguka, na aliye ubavuni mwako, nyuma kidogo, anakiona kiganja chote. Kaa mgongo ukiegemea ukuta. Mimi niliumbuliwa na mtoto wa miaka kama saba aliyekuwa begani kwangu: "Ami, unayo mkononi!" Siku hizi nikifika namtafuta kwanza mtoto wa namna hiyo, namkalisha mbele kabisa, namkabidhi kasha tupu la karata alishike kwa mikono miwili.