Usiikimbie Meza: kujiandaa na Chakula cha Bwana bila hofu

Jumapili ya Chakula cha Bwana katika sharika nyingi za Kilutheri ina picha yake. Baada ya sadaka wapo wanaotoka nje polepole, wapo wanaobaki kwenye mabenchi wameinamisha vichwa, na wale wanaokwenda mbele wana nyuso za msibani. Mzizi ni mmoja. Watu wamezoea kuamini kwamba Meza ni mtihani wa tabia, na kwamba anayesogea madhabahuni anatangaza kuwa amefaulu.

Rudi kwenye Katekisimo Ndogo, kile kitabu kidogo cha mafundisho ulichokikariri wakati wa kipaimara. Luther aliitoa mwaka 1529, na katika sehemu ya Sakramenti ya Altare, yaani Chakula cha Bwana, swali la mwisho linauliza ni nani apokeaye kwa kustahili. Jibu lake halimtaji mtu mwema. Linasema kufunga na kuuandaa mwili ni zoezi zuri la nje, ila anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno haya: yametolewa na kumwagika kwa ajili yenu, kwa ondoleo la dhambi. Katika Katekisimo Kubwa anakwenda mbali zaidi: ukisubiri mpaka mzigo wako wote utoke ndipo usogee, hutasogea milele.

"Lakini Paulo ameonya tusile isivyostahili!" Ameonya, na inafaa kusoma alimwonya nani. Fungua 1 Wakorintho 11 uanzie mstari wa 17, usirukie wa 27. Korintho wenye nacho walitangulia kula, maskini wakifika wanakuta meza imeshaliwa: "huyu ana njaa, na huyu amelewa." Kula isivyostahili kulikokuwa mbele ya Paulo ni huko, kuudharau mwili wa Bwana na kuwaaibisha ndugu wasio na kitu. Na dawa anayoandika mstari wa 33 ni fupi: "mngojane". Hata pale anaposema "mtu ajihoji mwenyewe", sentensi inaendelea "na hivyo aule mkate". Anayejihoji mwishowe anakula. Wengi wetu tunaishia katikati ya mstari.

Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo wa 1529, mtawala Philipp wa Hesse aliwakutanisha Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Zürich, katika ngome yake ya Marburg. Waliafikiana hoja kumi na nne. Katika ya kumi na tano wakakwama: je, mwili na damu ya Kristo vimo kweli katika mkate na divai, au ni ishara ya kukumbukia? Luther alikuwa ameandika kwa chaki juu ya meza "Huu ndio mwili wangu", na hakuondoka hapo. Mpaka leo Walutheri wanasema Kristo yumo ndani ya, pamoja na, na chini ya mkate na divai. Hawadai kueleza inakuwaje; wanasema yeye ndiye aliyesema.

Ubishi huo wa zamani unagusa furaha yako moja kwa moja. Kama Meza ni ukumbusho tu, kazi yote iko mgongoni kwako: ukumbuke vizuri, uhuzunike vya kutosha, uhisi kitu. Jumapili ambayo akili iko kwenye ada ya shule na mgonjwa aliyelazwa, umeshindwa. Lakini kama Kristo mwenyewe anajitoa pale, mtendaji ni yeye na wewe ni mgeni wake. Unaweza kwenda umechoka, moyo mkavu, usihisi lolote, na ukarudi kwenye benchi umepokea kitu kizima.

Maandalizi basi ni ya nini? Ni ya kukufungua mikono. Anza katikati ya wiki, usingoje kengele ya Jumapili. Dakika kumi na tano zinatosha: soma 1 Wakorintho 11:17–34 na sehemu ile ya Katekisimo, kisha pitia Amri Kumi kwa nafasi uliyo nayo. Ushauri huu ni wa Luther mwenyewe katika sehemu ya maungamo: jiangalie kama baba, mama, mtoto, mwajiri au mfanyakazi, ujiulize kama umekuwa mvivu, mkali, mkaidi, umeiba au umepuuza. Usijaribu kuorodhesha dhambi za maisha yote, utachoka upate na kiburi juu yake. Chukua jambo moja au mawili yenye jina. Mshahara wa dada wa kazi uliocheleweshwa, kwa mfano, haungojei sala ndefu. Mlipe kabla ya Jumapili.

Kama mmekosana na mtu, Mathayo 5:23–24 iko wazi, nenda mkapatane kwanza. Piga simu au mfuate. Usimwandikie ujumbe mrefu wa WhatsApp, maana ujumbe wa namna hiyo hugeuka hati ya mashtaka. Sema kosa lako peke yake, la kwake liache. Akikataa je? Hapo wengi hujifungia nje ya Meza miaka, kana kwamba adui yao ndiye mwenye ufunguo. Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu". Upande wako ukishaumaliza, nenda ukale.

Dhambi inayokurudia usiku na kukunyima usingizi, mpelekee mchungaji. Walutheri hawakuyafuta maungamo ya faragha, na Katekisimo Ndogo inayo sehemu yake. Omba nafasi siku ya kazi, si dakika tano kabla ya ibada akiwa anavaa kanzu. Utataja linalokulemea, atakutangazia msamaha kwa jina la Kristo, na hana ruhusa ya kulitoa nje, hata kwa mke wake.

Kufunga ni hiari. Mwenye kisukari au mwenye dawa za kumezwa na chakula asifunge. Kikombe cha chai asubuhi hakimwondolei mtu Kristo. Kilicho muhimu zaidi ni kuwahi. Katika liturujia, yaani utaratibu wa ibada, ungamo la pamoja na tangazo la msamaha huja mapema, na wanaoingia wakati wa wimbo wa kwaya huwa wameshayakosa. Ukichelewa kwa sababu ya daladala, usijizuie. Msamaha umo kwenye mkate na kikombe pia.

Madhabahuni

Unapopiga magoti, weka viganja wazi, kimoja juu ya kingine, ili mchungaji aone pa kuweka mkate. Vidole vinavyonyemelea mkate hewani ndivyo vinavyouangusha. Ukiambiwa "mwili wa Kristo uliotolewa kwa ajili yako", itika "Amina" ya kusikika.

Divai hupokelewa kwa njia tatu baada ya kupewa mkate, kwa hiyo angalia usharika uliopo unafanyaje kabla hujaula. Kwenye kikombe kimoja, shika kitako chake kidogo umsaidie anayekunywesha, maana yeye haoni mdomo wako. Funda dogo linatosha. Rangi ya midomo ifutwe kabla. Kwenye kuchovya, gusisha ukingo tu wa mkate. Watu huchagua kuchovya kwa sababu ya usafi, kisha wanazamisha vidole viwili kwenye divai ya watu wote, jambo ambalo ni baya kuliko mdomo. Kwenye vikombe vidogo, kunywa, rudisha kwenye sinia, usikifiche kwenye mkoba.

Una mafua makali au kidonda mdomoni? Pokea mkate, kikombe kikipita weka mkono kifuani. Aliyeacha pombe kwa jasho naye afanye hivyo, au amweleze mchungaji mapema wapange. Hapokei nusu ya Kristo. Tofauti na zamani ni kwamba anachagua mwenyewe, hanyimwi. Mtaguso wa Konstanz mwaka 1415 uliwazuia waumini wasio makasisi kukinywea kikombe, na mwaka huohuo Jan Hus, mwanamatengenezo wa Bohemia, akachomwa moto mjini humo. Luther aliporudisha kikombe kwa wote alishika neno la Bwana lililo wazi kabisa: "Nyweni nyote katika hiki." Ukiinua kikombe, unapewa alichonyimwa babu wa imani yako.

Ukirudi kwenye benchi, imba. Sala ya kimya ni njema, ila kuinama nusu saa kama aliyepewa hukumu hakuendani na ulichokula. Liturujia nyingi za Kilutheri huweka hapo maneno ya mzee Simeoni, "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani." Aliyasema akiwa amemshika mtoto Yesu mikononi, na wewe umemshika muda mfupi uliopita.

Waliotengwa, na wanaodhani wametengwa

Wengi wanaotoka nje baada ya sadaka wanaishi kama mume na mke bila ndoa ya kanisa, na wamesikia kwamba lazima "warudi kundini". Njia yenyewe si ndefu kama wanavyodhani. Muone mzee wa kanisa wa jumuiya yenu, yeye awapeleke kwa mchungaji; kutakuwa na mafundisho, kisha kupokelewa tena. Kama hamjafunga ndoa yoyote, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21, na kanisani ndizo zile Jumapili tatu za matangazo. Kama mlishafunga serikalini, mnabariki tu. Kinachowachelewesha watu siyo kanisa, ni ukumbi, keki na sare za kamati. Ndoa haidai hivyo. Mashahidi wawili na nguo safi vinatosha, hata katika ibada ya asubuhi ya siku ya kazi. Na kwa wazee wa kanisa: anayerudi apokelewe kwa wimbo. Usomaji wa majina kwa sauti ya hakimu umefukuza wengi kuliko dhambi zao.

Mgeni kutoka usharika mwingine ajitambulishe kwa mzee wa zamu kabla ya ibada. Deni la ahadi au bahasha halihusiani na Meza. Ukiulizwa hilo mlangoni, kumbusha kwa adabu kwamba zawadi haina tiketi.

Kwa wanaoandaa, mahesabu ni mepesi: chupa ya mililita 750 hujaza vikombe vidogo sabini hivi vya mililita kumi, na divai ya kuchovya hutumika kidogo zaidi. Mimina baada ya kuhesabu mahudhurio, maana divai iliyowekwa wakfu hairudishwi chupani. Iliyobaki hunywewa na mchungaji na wazee au humwagwa ardhini kwa heshima, si kwenye sinki. Mkate unaoweza kufikishwa kwa mgonjwa siku hiyo utengwe mapema.

Mgonjwa wa nyumbani asisahauliwe hata mwezi mmoja. Mtangulie mchungaji kwa kuandaa meza ndogo yenye kitambaa safi, kiti, glasi ya maji, na kuzima televisheni. Asiyeweza kumeza vizuri aelezwe wazi kwa mchungaji: chembe ya mkate iliyolowa kwenye tone la divai inatosha. Waliopata kipaimara hapo nyumbani wapokee pamoja naye, wasisimame mlangoni kama watazamaji. Na omba tarehe ya ziara inayofuata kabla mchungaji hajafunga mkoba wake, maana ahadi ya "nitapita tena" husahaulika kirahisi.